Kutoka Aliko hadi Alipo: Setilaiti za Mzingo wa Chini na Deni la Kiswahili kwa Mvuvi wa Ziwa Viktoria

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na ngeli ya mahali. Hufundishwa kwamba kiambishi PA- huonyesha mahali dhahiri, KU- huonyesha mahali pasipo dhahiri, na MU- huonyesha undani. Hukariri, hufanya mtihani, hufaulu, kisha husahau. Hata hivyo, katika ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Port Victoria na Usenge hadi Mbita na Muhuru, tofauti hiyo ya silabi moja ni suala la uhai. Mashua isiporejea alfajiri, jamaa huuliza mvuvi aliko. Waokoaji huhitaji kujua alipo. Naye askari wa doria, akiikuta mashua hiyo kabla ya waokoaji, huuliza imo katika maji ya nchi gani.

Makala haya yanahusu teknolojia inayokusudiwa kumhamisha mvuvi huyo kutoka aliko hadi alipo, yaani matumizi ya mawimbi ya redio ya setilaiti zinazozunguka karibu na dunia ili kuongeza usahihi wa kubaini mahali. Yanashikilia kwamba teknolojia hii ina manufaa ya kweli kwa Kisumu na ufuo wake, lakini kwamba sehemu kubwa ya manufaa hayo itapotea njiani iwapo wataalamu wa Kiswahili wataendelea kuamini kuwa mambo ya angani si ya idara zao.

Aliko

Ni kosa kudhani kwamba wazo la kutumia setilaiti za chini ni jipya. Ndilo wazo la kwanza kabisa. Umoja wa Kisovyeti uliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walisikiliza mlio wake wa redio na kugundua kwamba unapanda kadiri setilaiti inavyokaribia na kushuka kadiri inavyokwenda mbali. Ni jambo ambalo mkazi yeyote wa Kondele amelisikia king'ora cha gari la wagonjwa kinapopita barabarani: sauti huwa nyembamba linapokuja, ikawa nzito linapotokomea. Kutokana na mabadiliko hayo, yanayojulikana kama athari ya Doppler, waliweza kukokotoa njia ya setilaiti. Kisha wakaligeuza swali: kama njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji aliye duniani hawezi kujua alipo?

Jibu lilikuwa mfumo wa Transit, ulioanza kuyatumikia majeshi ya majini ya Marekani mwaka 1964 na kustaafu mwishoni mwa mwaka 1996. Setilaiti zake zilizunguka katika kimo cha takriban kilomita 1,100, zikipita juu ya ncha mbili za dunia. Hapo palikuwa na kasoro inayowagusa watu wa ukanda huu. Kwa kuwa njia zote zilikutana kwenye ncha za dunia na kutawanyika kwenye ikweta, msafiri wa kaskazini alipitiwa na setilaiti mara kwa mara, ilhali aliyekuwa kwenye ikweta alingoja zaidi. Hivyo basi, tangu mwanzo, mfumo uliojengwa kwa ajili ya wengine uliwafikia watu wa ikweta kwa kuchelewa.

Afrika Mashariki nayo haikuwa mgeni katika anga hiyo ya chini. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya ilipewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili, basi, liliwahi kuizunguka dunia zaidi ya nusu karne iliyopita. La kusikitisha ni kwamba lilikwenda peke yake. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini maelezo ya chombo, ripoti na mafunzo yote yaliyofuata hayakuwa.

Matumizi ya setilaiti za chini kwa ajili ya uokoaji yalianza mwaka 1982 kupitia mpango wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Chombo kilichopatwa na maafa hutoa mlio wa redio, setilaiti ikausikia inapopita, na athari ya Doppler ikaonyesha eneo. Kwa njia hiyo pekee, mahali hujulikana kwa kukosea kilomita kadhaa. Hapo Kiswahili kinasema kwa usahihi kuliko lugha nyingi: setilaiti hizo zilieleza aliko, hazikueleza alipo. Katika ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ambamo makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara husema watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka, tofauti ya kilomita kadhaa usiku wa dhoruba si jambo dogo.

Alipo

Mfumo wa GPS, uliokamilika mwaka 1995, ulibadili mambo. Setilaiti zake ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa na mahali pake. Kipokezi hupima muda ambao wimbi limetumia kusafiri. Kwa kuwa mwanga na mawimbi ya redio huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la saa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300 katika umbali. Ndiyo maana setilaiti hizo hubeba saa za atomi, na ndiyo maana kipokezi huhitaji kusikia angalau setilaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali na moja kwa ajili ya kurekebisha saa yake yenyewe. Tangu Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia mwezi Mei 2000, simu ya kawaida kwenye uwanja wazi huweza kumweleza mwenyewe alipo kwa kukosea mita chache tu.

Kama ni hivyo, kwa nini wataalamu wanarudi kwenye setilaiti za chini? Sababu ni tatu, na zote zina maana katika Kisumu.

Kwanza ni nguvu ya wimbi. Wimbi lililosafiri kilomita 20,200 hufika likiwa dhaifu mno. Setilaiti iliyo kimo cha kilomita 1,000 iko karibu mara 20 zaidi. Na kwa kuwa nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, chombo chenye uwezo uleule kingesikika kwa nguvu mara 400. Wimbi la namna hiyo ni gumu kufunikwa na kelele, na ni gumu zaidi kughushiwa na mwenye nia mbaya.

Pili ni mwendo. Setilaiti ya GPS huchukua takriban saa 12 kuizunguka dunia, hivyo kwa macho ya aliye mashuani huonekana kama imesimama. Setilaiti ya chini huzunguka kwa muda usiofika saa mbili, ikavuka anga ya Kisumu kwa dakika chache tu. Pembe hubadilika haraka, na kila pembe mpya ni ushahidi mpya. Mpimaji wa ardhi anayetaka usahihi wa sentimita bila kituo cha karibu cha rejea, na ambaye kwa setilaiti za juu peke yake hungoja kama nusu saa kabla ya jibu kutulia, anaweza kupunguziwa muda huo hadi dakika chache.

Tatu ni anga ya ikweta yenyewe. Baada ya jua kutua, tabaka la juu la hewa lenye chembe zilizochajiwa umeme, yaani ayonosfia, huchafuka katika ukanda wa tropiki. Mawimbi ya setilaiti hupepesa kama nyota zinavyopepesa, na wakati mwingine kipokezi hupoteza baadhi yake. Hali hii huwa mbaya zaidi katika miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba, na katika miaka ambayo jua lina harakati nyingi. Sasa na tujiulize: ni nani aliye kazini katika Ziwa Viktoria baada ya jua kutua? Ni mvuvi wa dagaa, samaki ambaye ufuoni huitwa omena. Huvua usiku, tena usiku wa giza lisilo na mbalamwezi, kwa kuwavuta samaki kwa taa. Saa zake za riziki zinaangukia kwenye saa ambazo anga humvuruga kiongozi wake. Setilaiti za chini hazikwepi kabisa tatizo hilo, kwani mawimbi yake nayo huweza kupita katika tabaka hilohilo. Lakini zikiwa nyingi, zikiwa na wimbi lenye nguvu na zikitazamwa kutoka pande mbalimbali, kupotea kwa moja au mbili hakumwachi mtu gizani.

Haya si ndoto za mbali. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na California, Irvine, walitumia mawimbi ya setilaiti sita za Starlink, ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo, wakabaini mahali pa kipokezi chao kwa kukosea takriban mita 8. Setilaiti 66 za Iridium hutangaza huduma ya saa na mahali kwa wanaoilipia. Kampuni ya Xona ya Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya majaribio mwaka 2022, na mwaka huohuo Shirika la Anga za Juu la Ulaya likaidhinisha mradi wake wa majaribio. Kenya yenyewe ina Shirika la Anga za Juu lililoundwa mwaka 2017, na tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti yake ndogo, Taifa-1, ilipelekwa kwenye mzingo wa chini ili kupiga picha za dunia. Miezi michache baadaye, Julai 2023, huduma ya intaneti ya Starlink ilifunguliwa nchini. Setilaiti ambazo watafiti walizitumia kama nyota za kuongozea zinapita leo juu ya Dunga na juu ya Rusinga.

Alimo

Pamoja na hayo yote, tahadhari inahitajika. Wapo wanaodhani kwamba kila mgogoro wa mahali utatatuliwa kwa kuongeza usahihi wa chombo. Kisiwa cha Migingo kinawakanusha.

Migingo ni mwamba wenye ukubwa usiofika ekari moja. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika kisiwani humo, na kufikia mwaka 2009 mgogoro kati ya nchi mbili ulikuwa umepamba moto. Upimaji wa mwaka huo ulionyesha kwamba kisiwa kiko upande wa Kenya, takriban mita 510 mashariki mwa mstari wa mpaka. Mita 510! Simu ya kawaida ingeweza kuutambua umbali huo mara nyingi. Hata hivyo, wavuvi waliendelea kukamatwa na kunyang'anywa samaki na mafuta katika miaka iliyofuata. Kilichokosekana hakikuwa mita. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya matini, pamoja na njia ya kumfikishia mvuvi maana ya matini hayo.

Kwani mpaka wa ziwani, kabla haujawa mstari, ni matini. Uliandikwa katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926, iliyoutaja kwa visiwa na mistari iliyonyooka kati yao, na umeelezwa tena katika jedwali la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Matini hayo yote yameandikwa kwa Kiingereza. Lakini mashua ya Kenya inapokutana na doria ya Uganda, au na mfanyabiashara wa samaki kutoka Musoma, mazungumzo yanayofuata aghalabu huwa ya Kiswahili. Sheria husomwa kwa lugha moja, na mtu hujitetea kwa lugha nyingine.

Mfano ufuatao unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Migingo iko karibu na digrii 0 na dakika 53 kusini mwa ikweta. Mtu akiipokea namba hiyo kwa simu, akaiandika katika kifaa kinachotumia desimali kama 0.53, atakuwa amekosea. Kwa desimali, dakika 53 ni 0.883. Kosa hilo dogo la kusoma humpeleka takriban kilomita 39 kutoka mahali panapokusudiwa. Vivyo hivyo, Kisumu iko kama dakika 6 kusini mwa ikweta. Anayetoa taarifa akisahau kutaja neno "kusini", naye mpokeaji akaandika kaskazini, mji mzima huhama kilomita 22 hivi. Karibu na ikweta, namba za pande zote mbili hufanana. Neno ndilo linalotenganisha. Wahandisi wa dunia wanahangaika usiku na mchana kupunguza kosa kutoka mita 8 hadi mita 1. Nani anahangaikia kosa la kilomita 39 linalotokana na lugha?

Deni la Kiswahili

Hapo ndipo wajibu wa wasomaji wa jarida hili unapoanzia. Kiswahili hakiko mikono mitupu. Ni lugha ya mabaharia waliovuka bahari kwa dira, nyota na pepo. Majina yake ya pande, kaskazini na kusini, yanahusiana na pepo za kaskazi na kusi. Neno "majira", ambalo leo wengi hulijua kwa maana ya wakati au msimu, lilikuwa pia na maana ya njia ambayo chombo hushika baharini. Vitabu vya hisabati vililichukua vikasema "majira ya nukta", yaani namba zinazotaja mahali pa nukta. Lugha yenye neno moja linalokusanya wakati, njia na mahali ina msingi wa kueleza setilaiti, kwani kazi ya setilaiti ni hiyohiyo: kugeuza wakati kuwa mahali.

Hata hivyo, urithi wa pwani hauwezi kuhamishwa ziwani bila kufikiri. Kusi na kaskazi ni pepo za bahari. Ziwani, mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Mvuvi wa Homa Bay hafundishwi kusini na upepo wake. Kwa hiyo istilahi zinazotakiwa haziwezi kubuniwa Nairobi wala Dar es Salaam pekee, kisha zikapelekwa ufuoni kama mzigo. Hapana budi mtafiti aende Dunga, Usenge na Mbita, akae na kamati za usimamizi wa fuo, asikie watu wanavyotaja kina, upande, umbali na hatari, ndipo apendekeze.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba sayansi hii ina lugha yake, nayo ni Kiingereza, na kwamba kuitafsiri ni kupoteza muda. Wanaosema hivi huchanganya lugha ya mtengenezaji na lugha ya mtumiaji. Mhandisi anaweza kukokotoa kwa lugha yoyote; anayezama hawezi kuchagua. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba lugha ya wavuvi wengi wa upande wa Kenya ni Kijaluo, na kwamba Kiswahili nacho ni cha kuletwa. Ni kweli, na taarifa za ufuoni hazina budi kutolewa kwa Kijaluo, Kisuba na Kiluhya pia. Lakini ziwa hili limegawanywa kati ya nchi tatu: Tanzania ina asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6 tu. Mvuvi wa Kenya, mwenye kipande kidogo kuliko wote, ndiye anayekutana na jirani mapema kuliko wote. Lugha ya kukutana na jirani huyo ni Kiswahili, na jukumu la Kiswahili katika jambo hili ni kuwa daraja. Hakikusudiwi kuzifukuza lugha nyingine.

Kazi yenyewe inaweza kutajwa kwa ufupi. Mosi, idara za Kiswahili na zile za upimaji ardhi na uhandisi ziketi pamoja kusanifisha istilahi chache za msingi: setilaiti ya mzingo wa chini, kipokezi, majira ya nukta, na hasa tofauti kati ya usahihi na wingi wa tarakimu, ili mtu asidhani kwamba namba yenye desimali sita ni ya kweli kuliko yenye desimali nne. Pili, uundwe mfumo mmoja wa kutaja mahali kwa redio na simu kwa Kiswahili, wenye mpangilio usiobadilika, ambao askari, mwokoaji na mvuvi wa nchi zote tatu wataujua. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ina makao yake Kisumu. Si mbali kwenda kuibishia hodi. Tatu, matini ya mpaka yatafsiriwe kwa ustadi wa kisheria na kusambazwa katika fuo. Wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta mada za tasnifu wana hapa kazi ya miaka kadhaa.

Chuo Kikuu cha Maseno kipo mahali ambapo mstari wa ikweta hupita, na kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia pana alama inayouonyesha. Wasafiri husimama hapo, wakaweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Ni furaha isiyo na gharama, kwa kuwa nchi kavu mguu ukikosea hakuna anayekamatwa wala anayezama. Ziwani mstari hauonekani, na ndiko unakohitajika zaidi. Setilaiti zimekwisha kushuka karibu na dunia ili zimsaidie mtu kujua alipo. Iliyobaki mbali ni lugha ya kumweleza, na hiyo haitashushwa na roketi yoyote. Itashushwa na watu waliosoma ngeli ya mahali na kuelewa kwamba siku moja mtu angeihitaji akiwa majini.